Mtoto Mgongoni, Giza la Alfajiri: Usalama wa Mama wa Segese Unatoka Wapi?

Saa 12 alfajiri ya Dar es Salaam si saa 12 alfajiri ya Segese. Saa za ukutani zinalingana nchi nzima, lakini jua lina ratiba yake. Dunia huzunguka digrii 15 kila saa, sawa na digrii 1 kila dakika 4, na Segese iko takriban digrii 7 magharibi ya Dar es Salaam. Zidisha, utapata karibu nusu saa. Mkazi wa Temeke akianza kuona rangi za kanga aliyojifunga, mwenzake wa Segese bado anapapasa ukuta. Huku jua huchomoza kati ya saa 12:25 na saa 1 kasoro hivi, kutegemea mwezi.

Nusu saa hiyo ya giza ni nzito kwa sababu watu wameshatoka. Segese ni kata ya Halmashauri ya Msalala wilayani Kahama, ndani ya ukanda wa dhahabu unaopita Bulyanhulu hadi Geita. Wachimbaji wadogo wanawahi kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, bodaboda wanakimbizana na abiria, malori yanapita, na akina mama wanakwenda kisimani, shambani, sokoni au kliniki, mtoto akiwa mgongoni. Wapo pia wanaotoka kwa ajili ya mazoezi, maana klabu za jogging hazipo mijini tu siku hizi, na waliolelewa na mchakamchaka wa shuleni hawajausahau.

Palipo na dhahabu pana fedha mkononi, na palipo na fedha mkononi wezi hawako mbali. Mama anayetaka kunyoosha mwili alfajiri akiwa na mtoto wake ajilinde vipi? Nchini Marekani, ambako majimbo mengi yanaruhusu raia kubeba bastola hadharani, wapo waliojibu kwa kuining'iniza kiunoni huku wakikimbia na kichanga. Hapa kwetu silaha hutolewa kwa kibali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na wanaokuwa nayo ni wachache. Hata hivyo wazo lenyewe, kwamba usalama ni kitu cha kuchomeka kiunoni, limeenea kuliko bastola zenyewe. Tulipime kwa sayansi, tukianza na mtoto.

Mwendo humtuliza, mshtuko humuumiza

Mwaka 2013 watafiti wa taasisi ya RIKEN ya Japani, wakiwamo Gianluca Esposito na Kumi Kuroda, walipima mapigo ya moyo ya watoto wa chini ya miezi 6. Mama alipombeba mtoto akiwa ameketi, mtoto aliendelea kuhangaika. Aliposimama na kutembea, kilio kilipungua na moyo wa mtoto ukapunguza kasi papo hapo. Mwaka 2022 timu ya Kuroda ikaonyesha kwamba kutembea na mtoto anayelia kwa dakika 5, kisha kuketi naye dakika 5 hadi 8 kabla ya kumlaza, kunasaidia alale bila kushtuka.

Mbeleko ina faida nyingine, nayo iko kwenye nyonga. Watafiti waliopitia kumbukumbu za hospitali moja ya Blantyre, Malawi, za kuanzia mwaka 2002 hadi 2012, hawakukuta mtoto mchanga hata mmoja aliyeletwa kwa tatizo la nyonga kuteguka wakati wa ukuaji. Maelezo waliyoyapa ni namna watoto wanavyobebwa mgongoni, mapaja yakiwa yametanuka na kukunjwa, hivyo kichwa cha mfupa wa paja hukaa sawasawa kwenye tundu lake.

Tazama mama anavyofunga. Anainama, mtoto analala kifudifudi juu ya mgongo, kitenge kinapita chini ya makalio yake na kupanda hadi mabegani mwake, kisha ncha mbili zinapita chini ya kwapa za mama na kufungwa kifuani. Akisimama, mtoto anashuka kidogo na kukaa ndani ya kitambaa. Hapo ndipo pa kukagua. Magoti ya mtoto yawe juu kuliko makalio, uso ugeukie pembeni, na kati ya kidevu na kifua ipite nafasi ya vidole viwili. Bomba la hewa la kichanga ni jembamba na laini. Kidevu kikizama kifuani linabanwa, na mtoto anaweza kukosa hewa bila kutoa sauti. Baridi ya alfajiri isimfanye mama amfunike mtoto kitambaa puani. Kwa wiki za mwanzo, kabla shingo haijakaza, abebwe kifuani ambako mama anamwona.

Kukimbia ni jambo jingine kabisa. Anayetembea huwa na mguu mmoja chini wakati wote. Anayekimbia huruka, na kila anapotua ardhi humrudishia kani ya mara 2 hadi 3 ya uzito wake. Mtu mzima hupunguza mshtuko huo kwa magoti, misuli na uti wa mgongo uliokomaa. Kichanga hana vitu hivyo: kichwa chake ni karibu robo ya urefu wa mwili wake wote, nacho kimeshikwa na shingo dhaifu. Kwa hiyo wataalamu wanakataza kukimbia na mtoto aliyefungwa mwilini. Mama naye ana mwili wa kuuguza: miongozo ya wataalamu wa mazoezi iliyotolewa Uingereza mwaka 2019 inapendekeza asirudie kukimbia kabla ya miezi 3 tangu kujifungua.

Hilo halimnyimi mazoezi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, hata kwa waliojifungua, na kutembea kwa haraka kunatosha kabisa. Mchakamchaka usubiri siku ambayo mtoto amebaki na bibi yake.

Mita 30 za dereva

Sasa mweke mama huyo kando ya barabara ya vumbi saa 12 kamili. Amevaa kitenge cheusi, na kinachokuja ni gari lenye taa za chini. Kwenye giza, mtu aliyevaa nguo nyeusi huonekana na dereva akiwa umbali wa mita 30 hivi, mara nyingi pungufu.

Hesabu si ngumu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva huhitaji sekunde 1 na nusu kutambua alichokiona na kukanyaga breki, na kufikia hapo ameshakula mita 33. Amempita mama huyo, au amemgonga, kabla breki haijashika. Kwa kilomita 50 kwa saa, kikomo cha kisheria kwenye makazi ya watu, breki ikikamatwa kwenye vumbi kavu gari linasimama baada ya mita 40 hivi. Bado halijatosha. Kwa kilomita 30 kwa saa linasimama baada ya mita 20, na mama anaendelea na safari yake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4 hivi. Mama wa Segese akiiweka hofu yake yote kwa mwizi, anaisahau hatari inayokuja na taa mbili kila alfajiri.

Bastola karibu na kichanga

Roger Enoka, mwanafiziolojia wa Marekani, alichambua mwaka 2003 namna silaha zinavyofyatuka bila mwenye nazo kukusudia. Alitaja hali tatu ambazo misuli ya vidole hujikaza yenyewe: mkono mmoja unapong'ang'ania kitu na mwingine ukaiga, mtu anapopepesuka, na mtu anaposhtuka. Mfumo wa fahamu hutekeleza haya kabla akili haijatoa idhini.

Linganisha na mama mwenye mtoto mgongoni ambaye hofu imemfanya ashike bastola. Njia ina mashimo, hivyo atapepesuka. Mtoto atapiga yowe ghafla, hivyo atashtuka. Mkono wa pili utarudi nyuma kumdaka mtoto asidondoke, na vidole vya mkono ulioshika bastola vitaiga. Hali zote tatu za Enoka zinaweza kumkuta ndani ya dakika moja. Hata asipotoa silaha, mtoto anayeanza kushikashika kila kitu yuko umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye kifyatulio.

Risasi ikitoka, mlio wa bastola huvuka desibeli 150. Kwa kelele za ghafla, Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha 140 kwa watu wazima na 120 kwa watoto. Vumbi la madini ya risasi hubaki kwenye mikono na nguo za aliyefyatua, na madini hayo huharibu ubongo unaokua hata yakiwa kidogo. Mkono huo ndio utakaomnyonyesha mtoto.

Je, walau bastola inamkinga mwenyewe? Mwaka 2009 Charles Branas na wenzake walichapisha utafiti wa Philadelphia wakilinganisha watu waliopigwa risasi katika mashambulizi na wakazi wengine wa mji huo. Waliokuwa na silaha walikuwa na uwezekano wa kupigwa risasi mara 4.46 kuliko wasiokuwa nayo. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba silaha ndiyo iliyowaponza, lakini haukuonyesha kinga inayodhaniwa. Silaha inayoonekana ina thamani kubwa machoni pa mwizi. Katika eneo la machimbo ni kitu kingine cha kuporwa.

Filimbi za Kahama

Ukanda huu ulishakutana na swali la silaha hadharani. Baada ya vita na Uganda vya 1978 na 1979, bunduki zilisambaa na wizi wa ng'ombe ukazidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwenye vijiji vya mpaka wa Kahama na Nzega, Wasukuma na Wanyamwezi wakaanzisha sungusungu, vikundi vya ulinzi wa kijiji. Walitembea na pinde na mishale waziwazi, na mwaka 1989 marekebisho ya sheria za mgambo yakawapa nafasi kisheria. Historia yao ina kurasa chungu: mahali pengine waliadhibu watu bila mahakama, na wanawake waliotuhumiwa uchawi waliumizwa. Hayo hayastahili kurudiwa.

Upinde haukuwa ndio nguvu yao kubwa. Mwizi mwenye bunduki anaushinda upinde. Kilichomshinda ni filimbi na mwano, ule ukelele wa hatari unaopokelewa boma kwa boma mpaka kila njia ina watu.

Fizikia inausaidia mwano saa hizo hizo za giza. Usiku wa anga safi ardhi hupoteza joto, na hewa iliyo karibu nayo hupoa kuliko ya juu. Sauti husafiri polepole zaidi kwenye hewa baridi, hivyo mawimbi yake hupinda kuelekea chini badala ya kupotelea angani. Ndiyo maana alfajiri utamsikia jogoo wa kitongoji cha mbali ambaye mchana humsikii. Filimbi hutoa sauti nyembamba ya mawimbi 2,000 hadi 4,000 kwa sekunde, eneo ambalo sikio la binadamu hulisikia vizuri kuliko yote. Ni nyepesi, haihitaji kibali, na mtoto akiifikia ataitia mdomoni tu.

Kinachowezekana kesho

Mama anayetaka mazoezi asubiri robo saa hadi nusu saa ya mwanga; huku kwetu hiyo ni saa 1 kasoro, si saa 12. Atembee na wenzake wawili watatu, ambao pia watamwangalizia uso wa mtoto kila baada ya muda. Kwa kuwa magari yetu hupita kushoto, atembee kulia ili ayaone yanayomjia. Juu ya mbeleko afunge kitambaa cheupe, au kizibao chenye mistari inayoakisi mwanga kama cha bodaboda, kwa sababu huonekana mbali maradufu na zaidi ya kitenge cheusi. Filimbi ining'inie shingoni mwake na mikono ibaki mitupu, tayari kumdaka mtoto. Fedha na vito vibaki nyumbani, na mtu wa nyumbani ajue njia atakayopita na saa ya kurudi.

Yaliyobaki si mzigo wa mama peke yake. Matuta karibu na shule, zahanati na soko, njia ya watembea kwa miguu pembeni ya barabara, na taa kwenye njia panda ni mambo ya kudai kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kwa diwani, tena kwa takwimu: mita 20 dhidi ya mita 40. Mwendesha bodaboda na dereva wa lori wanaishi nasi, na wao pia wana watoto mgongoni mwa wake zao. Wakishuka hadi kilomita 30 kwa saa wanapopita kwenye makazi, watawalinda watoto wengi wa Segese kuliko bastola zote za wilaya ya Kahama.