Wanaoishi Ndani ya Magari

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata mazungumzo haya kupitia gazeti hili, juma hili nataka tuzungumze habari ya nyumba. Sina maana ya nyumba za kupanga, wala viwanja, mambo ambayo sisi wa mjini tunayazungumza kila siku. Nazungumzia nyumba yenye magurudumu.

Mwezi Novemba nilikwenda Mtua, wilayani Nachingwea, kumjulia hali shangazi yangu anayesumbuliwa na miguu. Nilipofika nilikuta chini ya mwembe wake limeegeshwa gari kubwa mfano wa kombi, lenye paa refu na vidirisha vyenye mapazia. Watoto walikuwa wamelizunguka kama vile limeshuka kutoka mwezini. Ndani yake waliishi mume na mke, Waingereza wenye mvi, ambao kwa mwaka wa tatu sasa hawakuwa na nyumba nyingine duniani isipokuwa gari hilo. Nyumba ya kwao waliiuza. Walikuwa safarini kuelekea Masasi, na kutoka hapo wavuke Ruvuma kwa Daraja la Umoja waingie Msumbiji, lakini beringi ya gurudumu la nyuma ilikufa, wakawa wanasubiri spea kutoka Dar es Salaam.

Kwa nini walipita Nachingwea? Mzee yule aliniambia kuwa baba yake alikuwa fundi wa matrekta katika ule mradi wa karanga ambao Waingereza waliuanza mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951, baada ya kuteketeza kiasi cha paundi milioni 36. Alitaka kuona mahali baba yake alipopiga hema. Naam, Nachingwea imewazoea watu wa kuja, kupiga kambi na kuondoka. Reli iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo ilikwisha kung'olewa miaka ya mwanzo ya 1960, na hadi leo wilaya ina kata inayoitwa Stesheni, ambako treni haifiki.

Shangazi aliniita pembeni. "Mwanangu, hawa watu wamefukuzwa kwao?"

Nikamjibu kuwa hapana, wamechagua wenyewe.

"Mtu achague kukosa kwao? Na wakifa watazikwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Jioni nikaenda kuwasalimia, nao wakanikaribisha ndani nione wanavyoishi.

Gari la namna ile ni hesabu tupu. Kitanda mchana hukunjwa kikawa kiti. Betri zipo mbili: moja ni ya kuwashia injini na haiguswi kwa kazi nyingine, ya pili ni ya nyumba, yaani taa, feni na jokofu dogo, nayo huchajiwa na paneli ya sola iliyofungwa juu ya paa. Zikichanganywa, mtu huamka asubuhi taa zimekunywa umeme wote na gari haliwaki. Maji yamo katika tangi la lita 90. Kwa watu wawili wanaojibana, maji hayo ni ya siku nne au tano, kwa kupika, kunywa na kujipangusa kwa kitambaa. Kuoga kwa kopo, kama tunavyooga sisi, kwao ni anasa.

Sasa choo. Choo ni kisanduku cha plastiki chenye chombo chini yake, ambamo hutiwa dawa ya rangi ya buluu ya kuua harufu. Kila baada ya siku tatu chombo lazima kimwagwe mahali. Mzee alikuja kwa adabu zote kumwomba shangazi ruhusa ya kumwaga katika choo chake cha shimo. Shangazi alikubali kumwaga, akakataa dawa. Alisema choo chake kina wadudu wanaokula uchafu, na dawa ile ikiwaua, nani atakuja kumchimbia shimo jingine? Nasema kweli, ndugu msikilizaji, shangazi yangu hakusoma, lakini hapo alikuwa sahihi kabisa. Dawa nyingi za aina hiyo huua vijidudu vinavyoozesha kinyesi shimoni. Tangu siku hiyo mzee akawa anatumia maji na sabuni kidogo tu.

Bibi yake alinieleza jambo ambalo sikulitegemea. Alisema barabara mbovu haimchoshi, wala joto, wala mbu. Kinachomchosha ni kuulizana kila jioni, jua likianza kushuka, leo tunalala wapi na nani atakuja kutufukuza.

Hata wasipofukuzwa, karatasi zinawafukuza. Viza ya kawaida ya matembezi nchini mwetu ni ya siku 90, na gari nalo lina kibali chake chenye mwisho. Pale Mtua mwenyekiti wa kijiji alikuja na daftari la wageni. Akaandika jina, taifa, wanakotoka na wanakokwenda. Alipofika kwenye mstari wa makazi kalamu ikasimama. Akawatazama, akalitazama gari, mwisho akaandika namba za gari.

Watu wa namna hii si wapya. Mjerumani Gunther Holtorf alianza safari barani Afrika mwaka 1988, akazunguka dunia kwa gari moja hadi mwaka 2014, karibu kilomita 900,000, akilala kwenye godoro nyuma ya viti. Gari lake sasa limewekwa katika makumbusho kule Stuttgart. Lakini tusidhani wote ni watu wa starehe. Huko Marekani, baada ya uchumi kuanguka mwaka 2008, wapo wazee waliopoteza nyumba zao wakahamia kwenye magari, wakawa wanafuata vibarua vya msimu toka jimbo hadi jimbo. Mwandishi Jessica Bruder aliandika habari zao katika kitabu mwaka 2017. Uingereza nako, sheria ya mwaka 1968 iliwataka wenye mamlaka za mitaa kuwatengea viwanja watu wa jamii zinazoishi katika magari ya kukokotwa. Mwaka 1994 wajibu huo ukafutwa. Magari yakabaki, viwanja vikapungua.

Nikiwa nimeketi ndani ya kombi ile, macho yangu yaliangukia kijisanduku cheupe kilichobandikwa ukutani karibu na kitanda. Nilidhani ni redio. Mzee akasema hicho hupiga kelele ikitokea hewa ya sumu ndani ya gari, hewa itokayo kwenye moto. Nilinyamaza kidogo, kwa sababu hewa hiyo tunafahamiana nayo.

Kabla sijaingia katika kazi hii ya utangazaji niliwahi kuwa utingo wa lori. Ilikuwa wakati wa mvua za El Niño, mwaka 1997 kuingia 1998. Wakati huo daraja la Mkapa halijajengwa, lilifunguliwa mwaka 2003, na mtu wa kusini alivuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu. Mvua zikizidi, magari yalipanga foleni siku nyingi. Sisi tulikaa siku kumi na moja. Lori likawa nyumba, chini ya tela pakawa jikoni, na porini pakawa panapojulikana.

Usiku mmoja mvua ilianza magharibi na haikukatika. Nilikuwa nimepika chini ya tela. Maji yalipoanza kutiririka nikalibeba jiko la mkaa, makaa yakiwa bado mekundu, nikalipandisha kwenye bodi chini ya turubai, mahali nilipolala juu ya magunia. Nilijiona nimefanya akili. Makaa hayana moshi, yatanikaushia nguo na kufukuza mbu. Nikafunga turubai pande zote. Dereva, mzee wa Kimakonde niliyemwita Baba Mkubwa ingawa hatukuwa na udugu, alilala mbele kwenye kichwa cha lori. Alfajiri aliniita nichemshe chai, sikuitika. Akafungua turubai akanikuta nimetapika na sijijui. Alinivuta kwa miguu akaniangusha matopeni, hewani. Nilipozinduka kichwa kilikuwa kinatwangwa kama kinu, na watu wa foleni wamenizunguka wakibishana kama ni jini la mto au ni malaria.

Haikuwa jini wala malaria. Mkaa unapowaka mahali palipofungwa hutoa hewa iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, wala haikohozi mtu. Damu yetu hubeba oksijeni kutoka mapafuni kuipeleka mwilini, lakini hewa hii hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hata nafasi ya oksijeni ikajaa sumu. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, miguu hulegea. Hudhani ni uchovu, akajilaza. Akijilaza ndiyo basi. Tena makaa mekundu yasiyo na moshi, yale tunayoyaona kuwa ni salama, ndiyo yenye hatari hii, kwa sababu hakuna cha kukuonya. Usisikie mtu akikwambia dirisha limefunguliwa kidogo. Jiko la mkaa likae nje ya gari, nje ya hema na nje ya chumba unacholala. Na aliyezidiwa atolewe nje kwanza, akimbizwe hospitali, maswali yatafuata baadaye.

Nimesema nilikuwa utingo zamani. Je, mambo yamebadilika? Pale pale Mtua, hatua mia mbili toka kwenye mwembe wa shangazi, lilisimama lori likisubiri kupakia korosho. Dereva na utingo wake walikuwa usiku wa sita. Hakuna mtoto aliyekwenda kuwashangaa. Utingo alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, na nyumba yake ilikuwa na vitu hivi: mkeka, chandarua kilichofungwa kwenye kioo cha pembeni, sufuria mbili, dumu la lita 20, na jiko la mkaa. Usiku analipeleka wapi jiko? Akanionyesha juu, kwenye bodi. Nikamsimulia ya Ndundu. Alisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza, "Sasa mzee, mvua ikinyesha tupikie wapi?"

Nilimwuliza kama halali vizuri. Akacheka. Akasema gunia likipotea usiku, bei yake inakatwa kwenye posho yake. Tajiri akipiga simu anaambiwa kijana amelala. Sasa tuulizane, kijana huyu usiku anapumzika au analinda? Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kazi ya leo na ya kesho, na saa 24 mfululizo kila juma. Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa. Kama analinda, basi anadai usiku wote. Kama anapumzika, gunia lililopotea linamhusu nini? Matajiri wa malori wanataka awe amelala wakati wa kulipa na awe macho wakati wa kukata.

Huko Ulaya, ambako wazee kama wale wageni wetu wanatumia akiba yao ya maisha kununua gari la kulala, sheria ya usafirishaji kwa marekebisho ya mwaka 2020 inakataza dereva wa lori kuyamaliza ndani ya gari mapumziko yake marefu ya juma, yale ya saa 45. Mwajiri lazima amlipie mahali penye kitanda na pa kuogea. Maana yake, wameona kuwa kulala garini kwa hiari ni jambo moja, na kulazwa garini kwa sababu ya kazi ni jambo jingine.

Sidai kwamba kila utingo alipiwe gesti kesho asubuhi. Nadai vitu vidogo. Mahali popote malori yanapopangwa foleni wakati wa msimu, iwe kwa korosho, ufuta au mbaazi, pawe na bomba la maji, choo, na banda la kupikia lenye paa la bati. Gharama yake igawanywe kwa wale wanaosafirisha mzigo, kwani haitazidi bei ya magunia machache. Na mwenye lori aandike katika karatasi ni nani mlinzi wa mzigo usiku, na analipwa kiasi gani.

Siku moja kabla ya kuondoka nilimwuliza mwenyekiti wa kijiji kama watu wa lori nao amewaandika katika daftari lake la wageni. Alinishangaa. "Hao si wageni," akasema, "hao ni wa lori."

Spea ya Waingereza ilifika siku ya Alhamisi, na Ijumaa wakaondoka baada ya kumwachia shangazi blanketi. Shangazi naye, bila mtu kumwambia, alikuwa amemruhusu yule kijana apikie barazani kwake mvua ikinyesha, na alimwazima dumu la pili la maji. Juma lililofuata nilimpigia simu kumjulia hali ya miguu. Akasema ana nafuu, lori limeondoka usiku, na dumu lake limekwenda nalo.