Mchoraji Anakula Nini Picha Isipouzwa?

Novemba 2019, katika mnada wa Sotheby's jijini New York, picha ya Michael Armitage, mchoraji mzaliwa wa Nairobi, iliuzwa kwa takriban dola milioni 1.5. Waandaaji wenyewe walikuwa wamekadiria bei isiyofika hata dola 100,000. Kiasi hicho kikitajwa mbele ya kijana anayeanza kuchora, macho humtoka. Asichoambiwa ni kwamba siku ile mchoraji hakuwa muuzaji. Picha ilichorwa mwaka 2015 na ilikuwa imekwisha kuondoka mikononi mwake. Faida ya mnada ilikwenda kwa mwenye mali, na sheria ya shirikisho ya Marekani haimpi msanii fungu lolote kazi yake inapouzwa mara ya pili.

Kwa hiyo anayetaka kujua wachoraji wanaishije asianzie mnadani. Aanzie kwenye miezi ile ambayo hakuna kilichouzwa, kodi ya pango imefika na makopo ya rangi yamekauka. Hapo ndipo wengi huishia, na hapo ndipo waliodumu walipokuwa na mpango.

Mpango wa kwanza, karibu kila mahali, ni mshahara wa pembeni. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968, aliwahi kuwa mhudumu katika Hospitali ya Muhimbili huku akichora. George Lilanga, mzaliwa wa Masasi ambaye kazi zake zilifika Ulaya, Marekani na Japani, aliingia Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam miaka ya 1970 akiwa mlinzi wa usiku. Sam Ntiro alikuwa mwalimu Makerere, kisha mwakilishi wa Tanganyika jijini London baada ya uhuru. Jumba la sanaa la MoMA la New York lilinunua picha yake mwaka 1960, lakini hakuna ushahidi kwamba ununuzi huo ulimwachisha kazi. Kibera, wawili walioanzisha studio ya Maasai Mbili, Otieno Gomba na Otieno Kota, walitoka kwenye kazi ya kuandika mabango ya maduka.

Kuna dhana kwamba msanii wa kweli ni yule aliyeacha vyote akabaki na brashi. Dhana hiyo imewamaliza wengi. Wanaoipigia debe hupenda kumtaja Sane Wadu, aliyeacha ualimu nchini Kenya miaka ya 1980 ili achore, akaitwa mwendawazimu, naye akajibu kwa kujipa jina lenye maana ya mtu mwenye akili timamu. Ni kisa kizuri, ila husimuliwa nusu. Miaka hiyohiyo Gallery Watatu ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1969, iliingia mikononi mwa Ruth Schaffner, mfanyabiashara wa sanaa aliyewajua wanunuzi wa nje na aliyezipenda kazi za wachoraji waliojifunza wenyewe. Wadu aliacha kazi, ndiyo, lakini soko lilikuwa limesimama mlangoni.

Swali la kujiuliza basi ni kazi ipi ya pembeni inayomfaa mchoraji. Ulinzi wa usiku huacha mchana wote wazi, ingawa hula usingizi. Kuandika mabango huufanya mkono uendelee kuwa mwepesi, na rangi zinazobaki kwenye kopo hazipotei. Ualimu wa shule una heshima na mshahara usioyumba, lakini madaftari ya kusahihisha humfuata mchoraji mpaka studioni. Kazi mbaya kuliko zote kwa mchoraji ni ile inayomrudisha saa mbili usiku akiwa hana nguvu hata ya kukoroga rangi, hata kama inalipa vizuri.

Baada ya mshahara huja mahali pa kufanyia kazi. Nafasi Art Space, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2008 katika eneo la viwanda vidogo Mikocheni, imegeuza makontena ya meli kuwa studio. Nairobi, Boniface Maina, Michael Musyoka na David Thuku walikodi nyumba mtaani Buruburu wakaiita Brush Tu. Wasanii wanaoshirikiana hivyo hugawana kodi, maji, umeme na ngazi ya kupandia ukutani, na kuna faida nyingine isiyoandikwa kwenye mkataba wowote: mnunuzi akija kumwona mmoja, anawaona wote. Huyo asiyenunua kwa aliyemfuata huondoka na kitu cha jirani.

Taasisi nazo hufa, tena mara nyingine kabla ya wasanii wake. Schaffner alifariki mwaka 1996, na Gallery Watatu haikurudi tena kuwa ilivyokuwa, mwishowe ikafungwa. Nyumba ya Sanaa ya Upanga, walikolelewa wachapaji na wachoraji wengi wa kizazi cha Lilanga, haipo tena. Msanii aliyeegemeza maisha yake yote kwenye mlango mmoja hubaki nje siku mlango ukifungwa, na mara nyingi hana hata orodha ya kazi zilizobaki ndani.

Upande wa vifaa, hakuna mfano unaozidi ule wa Tingatinga. Alichora juu ya vipande vya hadibodi, vingi vikiwa na upande wa sentimita 60 hivi, kwa rangi inayong'aa ya kupakia baiskeli, aina ileile inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Rangi hiyo hukauka polepole. Fundi anapaka mandhari ya nyuma, anaweka ubao pembeni, anashika mwingine. Anarudi kwenye wa kwanza kumchora chui, anauacha tena, kisha siku nyingine anarudi na brashi nyembamba kuweka madoa na macho. Ndiyo maana katika banda la Tingatinga ukutani huwa kuna safu ya picha zilizo hatua mbalimbali, simba asiye na macho kando ya ndege asiye na mguu. Uzito wa rangi kukauka ndio uliopanga ratiba ya kazi, na ratiba hiyo ikazaa wingi: mtu mmoja anaweza kuendesha picha kadhaa kwa pamoja bila kupoteza saa akisubiri. Tingatinga alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliodhani gari alimokuwa ni la wahalifu. Ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika. Mtindo huo umelisha familia kwa zaidi ya miaka 50.

Wapo wanaoibeza kazi hiyo kwa sababu inajirudia. Lawama hiyohiyo iliwaangukia wachoraji wa Lubumbashi, Kongo, waliokuwa wakichora mambamtu (nguva) na matukio ya enzi ya Wabelgiji kwa ajili ya sebule za wafanyakazi wa migodi, picha ileile kila mteja alipoitaka. Lakini mmoja wao, Tshibumba Kanda-Matulu, alipopata mnunuzi makini, mwanaanthropolojia Johannes Fabian, alichora kati ya 1973 na 1974 picha zaidi ya 100 za historia nzima ya nchi yake, akazieleza moja moja kwa Kiswahili. Picha za kuuza ndizo zilizokuwa zimemweka kwenye kazi mpaka fursa hiyo ikamkuta na mkono uliokomaa.

Sasa bei, mahali ambapo wasanii wengi hujinyonga kwa kalamu yao wenyewe. Tuchukue mfano wa kukisia. Ubao, rangi na fremu ya seremala vimegharimu shilingi 60,000. Mchoraji amefanya kazi siku nne, na anajilipa 25,000 kwa siku. Hiyo ni 100,000. Sehemu ya pango, umeme na usafiri ni 40,000. Jumla ni 200,000. Galari inataka kamisheni ya asilimia 40, kiwango cha kawaida kabisa, kwani nyingi huchukua kati ya 30 na 50. Mchoraji anajumlisha asilimia 40 juu ya 200,000 na kuandika bei ya 280,000. Picha inauzwa, galari inakata asilimia 40 ya 280,000, yaani 112,000, naye anabaki na 168,000. Amepoteza 32,000 katika mauzo aliyoyafurahia. Hesabu sahihi ni kugawa 200,000 kwa 0.6, ipatikane kama 335,000.

Bei hiyo ya 335,000 inapaswa kuwa ileile studioni. Anayeuza 335,000 galarini na 200,000 nyumbani kwake anaweza kufurahia mnunuzi mmoja wa mlango wa nyuma, kisha galari ikasikia, na galari husikia. Mauzo ya studioni kwa bei kamili ndiyo yanayolipa kodi ya miezi mikavu, kwa sababu kamisheni yote inabaki kwa aliyechora.

Kazi nyingi huachwa galarini au kwenye duka la hoteli kwa mali kauli: ikiuzwa, utalipwa. Hapana ubaya, mradi kauli iwe kwenye karatasi. Karatasi hiyo itaje kila picha kwa jina na vipimo, bei, kamisheni, siku za kulipwa baada ya mauzo, nani atafidia picha ikilowa au kuibwa, na tarehe ya kurudishiwa zisizouzwa. Ukurasa mmoja unatosha. Galari inayokasirika kwa kuombwa saini imekwisha kujieleza.

Na mauzo ya pili? Ufaransa ilimpa msanii haki ya fungu katika mauzo hayo tangu mwaka 1920, na Uingereza ikafuata mwaka 2006. Kenya iliingiza haki hiyo katika Sheria ya Hakimiliki kwa marekebisho ya mwaka 2019: kazi inapouzwa tena kibiashara, msanii anastahili asilimia 5 ya bei halisi ya mauzo. Kwa picha ya mamilioni hizo si fedha haba. Ugumu uko kwenye kujua. Fungu hilo halimfikii mtu asiyejua picha yake iko wapi, wala asiyeweza kuthibitisha kuwa aliichora yeye. Jina la Tingatinga limeghushiwa kwenye picha ambazo hakuzigusa, na bila daftari ni vigumu kuchambua ipi ni yake.

Daftari ndilo chombo kinachopuuzwa kuliko brashi. Kila picha ipewe namba, jina, mwaka, vipimo, aina ya rangi, bei, na jina la aliyeinunua. Ipigwe picha mchana kwenye kivuli, kabla ya kuwekewa kioo, mbele na nyuma. Anayetumia simu ahifadhi nakala mahali pengine pia, maana simu huibwa. Dakika kumi kwa kila kazi, si zaidi.

Zilizobaki nazo zitunzwe kama mali. Pwani, unyevu huzaa ukungu nyuma ya kanvasi iliyobanwa ukutani, na mchwa hawachagui kati ya fremu na boriti. Kanvasi ikiviringishwa, upande wenye rangi uwe nje; ukiwa ndani, rangi hujibana na kupasuka. Hadibodi isimamishwe wima bila kuegemezwa kwa mshazari, la sivyo itapinda.

Msanii Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954 na kupelekwa Uingereza akiwa mchanga, anajua thamani ya kutunza. Mwaka 1986 alitengeneza kazi kubwa ya sanamu bapa za mbao iitwayo A Fashionable Marriage, yenye watu wenye ukubwa wa binadamu. Hiyo si kazi ya kutundika sebuleni. Kwa miongo kadhaa alifundisha chuo kikuu mjini Preston, mshahara ukilipa bili, na kazi ile ikitunzwa. Mwaka 2017 ilisimamishwa mjini Hull katika maonyesho ya Tuzo ya Turner ya sanaa nchini Uingereza, naye akashinda akiwa na miaka 63, katika mwaka ambao ukomo wa umri wa miaka 50 ulikuwa umeondolewa. Everlyn Nicodemus, mzaliwa wa Marangu, alijichora mwaka 1982. National Portrait Gallery ya London iliinunua picha hiyo mwaka 2022, ikiwa ya kwanza ya mwanamke Mweusi kujichora mwenyewe kuingia katika hazina yake. Miaka 40 ilikuwa imepita.

Mnunuzi naye ana sehemu yake, tena haimgharimu kitu. Ukinunua picha, dai risiti yenye jina la msanii, jina la kazi, mwaka na vipimo, na umwachie namba yako ya simu. Siku ukiiuza au kuirithisha, mpigie umwambie imekwenda wapi.