Darasa la kuchora kwa kompyuta: sheria ya 4 ilinipa sifuri!

Wengi mnaniuliza darasa letu la kuchora kwa kompyuta huku Temeke linaendaje. Sheria ni nne tu:

1. Sevu kazi kila dakika 5. Umeme ukikatika, hakuna wa kumlilia.
2. Ukichomeka flashi, skani virusi kwanza.
3. Usiguse faili la mwenzako.
4. Usiweke jina lako kwenye kazi ya mtu.

Hiyo ya 4 ndo iliniponza. Nilidaunilodi twiga, nikabadili rangi, nikakusanya. Sifuri! Nikajitetea: mbona watu kibao wanaiga Tingatinga? Ticha akanifafanulia: Edward Tingatinga alifariki 1972 akaacha mtindo, na mtindo unaruhusiwa kuiga. Lakini mchoro una mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda hata kama hakuusajili popote. Kumbe hata wangu unalindwa!

Nikachora upya: twiga kakwama kwenye foleni ya Mbagala. Shingo imepinda kidogo, ila ni yangu.

Je, wewe ungekuta mchoro wako una jina la mwingine, ungefanyaje? Nawakilisha.