Kusoma biashara kwa masafa: Saa ndizo mtaji, duka ndilo darasa

Mfanyabiashara anayetaka kununua mashine ya kusaga huuliza maswali matatu kabla ya kutoa fedha: itagharimu kiasi gani, itaanza kuzalisha lini, na itarudisha mtaji baada ya muda gani. Lakini anapojiandikisha kusoma cheti au shahada ya biashara kwa masafa, maswali hayo huyasahau. Hulipa ada, hupewa vitabu au namba ya siri ya kuingilia masomo kwenye intaneti, na baada ya miezi michache kazi za duka humzidi, masomo yakalala. Ada iliyolipwa hairudi.

Makala ya wiki hii inaeleza jinsi mfanyabiashara anavyoweza kuyapima masomo ya namna hiyo kama anavyopima kitega uchumi kingine chochote, na jinsi ya kuvuna faida kabla hata ya kupata cheti.

Njia yenyewe si ngeni

Kusoma bila kukaa darasani hakukuanza na simu za kisasa. Chuo cha Elimu ya Watu Wazima kilikuwa kikitoa masomo kwa njia ya posta tangu miaka ya 1970. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na wanafunzi wake wa kwanza walianza mwaka 1994. Chuo hicho kina vituo mikoani, na miongoni mwa masomo yake imo shahada ya usimamizi wa biashara. Jirani zetu wa Kenya nao walizindua Chuo Kikuu Huria chao mwaka 2023.

Kilichobadilika ni chombo cha kufikishia somo. Zamani bahasha ilichukua wiki kadhaa. Leo somo linaingia kwenye simu kwa dakika chache. Ambacho hakikubadilika ni kwamba hakuna kengele wala mwalimu wa kumsimamia mwanafunzi. Anajisimamia mwenyewe.

Gharama isiyoandikwa

Wengi huhesabu ada, vitabu na vifurushi vya intaneti. Gharama kubwa zaidi huwa ni saa. Tuchukulie mwenye duka anayesoma saa 8 kwa wiki, kwa wiki 40 za mwaka. Hizo ni saa 320. Iwapo saa hizo anaziiba wakati duka limechangamka na linamwingizia faida ya Sh. 5,000 kwa saa, mwaka mmoja wa masomo umemgharimu Sh. 1,600,000 juu ya ada. Iwapo anasoma wakati ambapo duka huingiza Sh. 1,000 tu kwa saa, gharama hiyo hushuka hadi Sh. 320,000.

Kwa hiyo hatua ya kwanza si kufungua kitabu. Ni kuandika mauzo ya kila saa kwa wiki mbili mfululizo. Maduka mengi yana saa zilizolala, kwa mfano kati ya saa nane na saa kumi mchana, na saa za msongamano jioni watu wanapotoka kazini. Saa zilizolala ndizo za kusomea. Mwenye kufanya hesabu hiyo tayari amejifunza somo la kwanza la uchumi: gharama ya kitu ni pamoja na kile unachokiacha ili ukipate.

Msimu nao uhesabiwe. Mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu hufanyika Mei na Novemba. Mnunuzi wa korosho wa Mtwara au Lindi, ambaye minada yake huanza karibu na Oktoba, ataona Mei inamfaa zaidi. Mnunuzi wa mpunga wa Mbarali, ambaye Mei huwa anajiandaa kwa mavuno, huenda Novemba ikawa nafuu kwake.

Duka ndilo darasa

Hapa ndipo mfanyabiashara anapomzidi kijana aliye chuoni. Kijana husoma hesabu za kampuni ya kufikirika; mfanyabiashara anazo hesabu zake mwenyewe. Kanuni ni moja: kila somo la wiki lijaribiwe kwenye daftari la duka kabla wiki haijaisha. Mifano miwili inatosha.

Wa kwanza ni faida. Bidhaa iliyonunuliwa kwa Sh. 80,000 na kuuzwa kwa Sh. 100,000 imeleta faida ya Sh. 20,000. Hiyo ni asilimia 25 ya bei ya kununulia, lakini ni asilimia 20 tu ya bei ya kuuzia. Asiyejua tofauti hiyo hujiambia ana asilimia 25 ya kuchezea, akakubali kumpunguzia mteja asilimia 22. Bei inakuwa Sh. 78,000, naye amekula hasara ya Sh. 2,000 huku akishukuriwa kwa ukarimu wake.

Wa pili ni mzunguko wa bidhaa. Tuseme duka lina bidhaa za wastani wa Sh. milioni 6, na bidhaa zinazouzwa kwa mwaka ziligharimu Sh. milioni 24. Mzigo unazunguka mara 4, maana yake kila bidhaa hukaa miezi 3 kabla ya kuuzwa. Mwenye duka akiacha kuagiza vitu visivyotoka, akabaki na mzigo wa Sh. milioni 4 kwa mauzo yale yale, mzunguko unapanda hadi mara 6. Sh. milioni 2 zimekuwa huru. Kama fedha hizo zilikuwa za mkopo wa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, ameokoa riba ya Sh. 360,000. Somo moja limelipa bila kusubiri mahafali.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Asiye na daftari hataweza kufanya zoezi lolote kati ya haya, hata awe amesajiliwa chuo gani.

Soko la hisa kama kitabu

Kwa mwekezaji mdogo, vifaa vya kujifunzia viko wazi na ni bure. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza shughuli Aprili 1998, na kampuni zilizosajiliwa humo hutakiwa kutoa hesabu zake hadharani. Benki nazo hutangaza hesabu kila robo mwaka. Mwanafunzi anayesoma mizania achukue hesabu za benki moja kwa robo tatu mfululizo, aangalie amana, mikopo na mikopo isiyolipika, kisha aandike ukurasa mmoja kueleza kilichopanda, kilichoshuka na sababu zake. Atakapofika kwenye mtihani, swali halitakuwa geni. Atakapofika kwa wakala wa hisa, hatanunua kwa uvumi.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, thibitisha chuo kabla ya kulipa. Vyuo vikuu hutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na tume hiyo ndiyo hutathmini shahada za nje. Vyeti na stashahada za vyuo vya kati ziko chini ya NACTVET. Chuo kinachoahidi shahada kwa wiki chache kinauza karatasi.

Pili, usichukue masomo mengi kwa pupa. Masomo mawili yaliyokamilika yana thamani kuliko sita yaliyoachwa njiani.

Tatu, pakua masomo wakati kifurushi ni nafuu, na chapisha sura ngumu. Simu inayopokea oda za wateja haifai kusomea kwa utulivu.

Nne, tafuta wenzako wawili au watatu wa kukutana nao kila wiki, na hudhuria vipindi vya ana kwa ana vinapotangazwa. Wengi hukwama mahali padogo ambapo mwenzao angewavusha kwa dakika kumi.

Tano, mfundishe msaidizi wa duka kuandika mauzo. Bila yeye, saa ya kusoma itakatizwa kila mteja anapobisha hodi.

Hitimisho

Aliyeajiriwa husoma akitarajia cheo na mshahara. Mfanyabiashara hana bosi wa kumwongezea mshahara. Faida yake itatoka kwenye duka lake au haitatoka kabisa. Hivyo mwisho wa kila muhula, kabla ya kulipa ada inayofuata, aweke upande mmoja ada na thamani ya saa zilizotumika, na upande wa pili fedha zilizookolewa au kuongezeka kutokana na alichojifunza. Upande wa pili ukibaki mtupu mihula miwili, abadilishe namna ya kusoma au abadilishe somo, kama ambavyo angebadilisha bidhaa isiyotoka.