Sikukuu Iliyopoteza Ratiba Yake

Uingereza iliwahi kuwa na kipindi cha televisheni kilichofuata kalenda ya sikukuu. Kiliitwa Disney Time. BBC ilikianzisha miaka ya 1960, na kwa miaka mingi watazamaji walikiona hasa siku za mapumziko: Pasaka, sikukuu ya Agosti, Krismasi. Chenyewe hakikuwa na makubwa. Mtu maarufu alisimama mbele ya kamera, akasema mawili matatu, kisha akaonyesha vipande vya filamu za Disney, kidogo cha hii na kidogo cha ile, basi. Filamu nzima haikuonyeshwa, kwa sababu Disney ilizibania filamu zake kwa ajili ya majumba ya sinema. Mwaka 1975, sikukuu ya Agosti, kiliongozwa na Tom Baker, aliyekuwa akiigiza mhusika mkuu wa tamthilia ya Doctor Who wakati huo, naye akakiendesha kama mhusika huyo mwenyewe. Watoto walikaa sakafuni wakitazama dakika chache za katuni ambazo leo zinapatikana kwenye simu ya mama yao kabla uji haujapoa.

Ukikichunguza kipindi hicho utaona siri ya ratiba nzima ya sikukuu. Wengi wanaoikumbuka husema vipindi vya zamani vilikuwa bora. Huenda baadhi vilikuwa bora kweli, lakini kilichovipa thamani ni uhaba.

Kwanza, saa zenyewe zilikuwa haba. Hadi Januari 1972 serikali ya Uingereza ndiyo iliyoamua vituo virushe matangazo saa ngapi kwa wiki, na siku ya kawaida sehemu kubwa ya mchana ilikuwa kimya, picha ya majaribio imetanda kwenye kioo. Siku za sikukuu vituo vililegezewa kamba. Kwa mtoto wa miaka ya 1960, kuwasha televisheni asubuhi na kukuta kuna kitu ilikuwa tayari ni sikukuu. Kikomo hicho kiliondolewa na waziri Christopher Chataway, yule yule mwanariadha aliyemsaidia Roger Bannister kushika kasi mwaka 1954 alipokimbia maili moja chini ya dakika nne. Mwaka 1983 vikaja vipindi vya asubuhi, na mwaka 1986 BBC1 ikajaza mchana wake wote. Tangu hapo Jumatatu ya sikukuu haikuwa na saa za ziada za kujivunia.

Pili, filamu. Filamu ilipotoka kwenye sinema ilichukua miaka mingi kufika sebuleni. Dr. No, filamu ya kwanza ya James Bond katika mfululizo unaojulikana, ilitoka mwaka 1962 na kuonyeshwa na ITV, kituo kilichoshindana na BBC, Oktoba 1975. The Sound of Music ya mwaka 1965 ilisubiriwa hadi Krismasi ya 1978 kwenye BBC1. E.T. ilitoka 1982, ikaingia majumbani kwa njia ya televisheni siku ya Krismasi mwaka 1990. Kwa hiyo mpangaji wa ratiba alikuwa na silaha ya kweli mkononi: filamu ambayo kila mtu ameisikia, wengi hawajaiona, na ikipita leo haijulikani itarudi lini. Bond akawa mgeni wa kudumu wa siku za mapumziko kwenye ITV.

Jarida la Radio Times lilikula matunda ya hali hiyo. Toleo lake la Krismasi, lenye ratiba ya wiki mbili, liliuza zaidi ya nakala milioni 11 mwaka 1988. Wakati huo lilichapisha ratiba za BBC tu. Aliyetaka za ITV alinunua TV Times pia, na mpangilio huo ulidumu hadi 1991. Familia zilikaa na kalamu zikizungushia duara vipindi walivyovitaka, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, maana seti ilikuwa moja na babu naye alikuwa na duara zake.

Wakenya waliokulia enzi za Sauti ya Kenya, kabla kituo cha televisheni cha KTN hakijaingia hewani mwaka 1990, hali hiyo hawahitaji kusimuliwa. Kituo kikiwa kimoja, nchi nzima inaangalia kitu kimoja, ikipenda isipende.

Uhaba huo uliondoka taratibu, kila mara mlango mmoja ukifunguka. Mikanda ya video ilienea miaka ya 1980, na Disney yenyewe ikaanza kuuza filamu zake madukani. Kwa nini basi mtu asubiri vipande? Sky ilianza kurusha matangazo ya setilaiti moja kwa moja hadi majumbani mwaka 1989, pamoja na chaneli ya filamu. BBC nayo ilizindua rasmi huduma yake ya iPlayer tarehe 25 Desemba 2007. Siku ya Krismasi yenyewe, shirika lilelile lililowafundisha Waingereza kukusanyika saa fulani mbele ya kioo likawaambia wanaweza kutazama wakati wanaoutaka. Netflix ilipoingia nchini humo mwaka 2012 na Disney+ mwaka 2020, ghala lote lilikuwa wazi.

Kuna sababu nyingine isiyohusu televisheni hata kidogo, nayo husahaulika. Sikukuu ya zamani ilimfungia mtu nyumbani. Maduka yalifungwa, hakuna pa kwenda, na mvua ya huko mnaijua. Leo Jumatatu ya sikukuu ya Agosti ni siku ya biashara. Maduka ya samani na ya vifaa vya ujenzi yanaingoja kwa punguzo la bei. Watu wako barabarani au dukani. Meneja wa chaneli akipiga hesabu, haoni sababu ya kutumia filamu ya gharama kwa sebule tupu, hivyo anaacha vipindi vya mchana vya kila siku viendelee, minada na nyumba za kukarabati, utadhani ni Jumatatu yoyote.

Krismasi imesalimika kwa sababu hiyo hiyo iliyopinduliwa. Siku hiyo treni karibu zote hazitembei, na sheria ya mwaka 2004 inakataza maduka makubwa ya England na Wales kufunguliwa. Watu wako ndani, wameshiba, na saa tisa alasiri kuna hotuba ya Mfalme, desturi iliyoanza redioni mwaka 1932 na kuhamia kwenye televisheni mwaka 1957.

Hata hivyo nayo imepungua. Krismasi ya 1986 tamthilia ya EastEnders, mume akimkabidhi mkewe karatasi za talaka siku ya sikukuu, ilihesabiwa watazamaji milioni 30, ingawa idadi hiyo ilijumlisha pia waliotazama marudio. Mwaka 2023, kwa hesabu za siku yenyewe, kilichoongoza Krismasi kilikuwa hotuba ya Mfalme, si tamthilia wala vichekesho. Mwaka uliofuata BBC ilirusha sehemu ya mwisho ya Gavin & Stacey, vichekesho vya mapenzi kati ya kijana wa Essex na binti wa Wales, na watu milioni 12.3 wakaitazama usiku uleule. Waliochelewa walipoongezwa, idadi ikapita milioni 18.

Watangazaji walishangilia, lakini kazi hiyo haina mrithi aliye tayari: ilikuwa na mizizi tangu 2007, na waandishi wake, James Corden na Ruth Jones, wameshaifunga. Kujenga nyingine kama hiyo kunahitaji miaka mingi na fedha nyingi. Zikipatikana, zitapelekwa Desemba, na Agosti itaendelea na minada.