Alama moja katika safari ya Philadelphia Olando

Huku Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, kuanzia Kanyabayonga hadi Butembo na Beni, ukitaja mpira kila mtu anaelewa ni ule wa miguu. Leo naiombea nafasi raga, na mwanamke mmoja: Philadelphia Olando wa Kenya, aliyekwenda Olimpiki mara mbili, ya pili akiwa nahodha.

Rio 2016 ndiyo mara ya kwanza wanawake kucheza raga, ile ya wachezaji saba, kwenye Olimpiki. Lionesses, kama timu ya Kenya inavyoitwa, walifungwa na New Zealand 52-0, wakamaliza wa 11 kati ya timu 12. Tokyo, mwaka 2021, New Zealand hao hao, waliotwaa dhahabu safari hiyo, waliwafunga 29-7. Kenya ikawa ya 10. Atakayetazama msimamo ataona wamepanda ngazi moja tu. Mimi naona 52 zimeshuka hadi 29.

Wapo wanaosema Wakenya walibebwa. Ni kweli kwamba mara zote mbili bingwa wa Afrika alikuwa Afrika Kusini, na kamati ya Olimpiki ya huko haikukubali timu yake ipitie mchujo wa bara, hivyo nafasi ikaenda kwa Kenya. Lakini fainali ya Afrika ya 2019 kule Tunisia, Afrika Kusini dhidi ya Kenya, iliisha 15-14! Katika raga ya wachezaji saba kila kipindi ni dakika saba. Trai moja, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ni alama tano, mkwaju unaofuata ni mbili, na mpigaji huuangusha mpira kwanza, akaupiga unapodunda tu. Ukigusa vibaya kidogo, mbili zimekwenda. Waliokosa ubingwa kwa tofauti hiyo hawakubebwa na mtu.

Alama moja iliwaumiza tena Wakenya Agosti 2021, nyumbani Nairobi: timu yao ya wanawake ya wachezaji 15 ilifungwa na Colombia 16-15, na safari ya Kombe la Dunia ikaishia hapo.

Nayaandika haya nikiwafikiria wasichana wa Kanyabayonga, mji ulioangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Juni 2024, na wenzao waliokimbilia kaskazini, kuelekea Butembo. Raga ya saba haidai mengi: mpira mmoja, wasichana kumi na wanne, na uwanja ule ule wa soka. Walimu wa michezo wa Butembo, wapeni nao saa moja uwanjani.