Dele, Finjani Tatu na Hela ya Bati

Kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi napita nyumbani kwa bibi mmoja hapa Bidiya kumsafisha kidonda cha mguu. Ana kisukari cha siku nyingi. Alizaliwa Unguja, akaletwa Oman akiwa msichana baada ya 1964, kama watu wengi wa Sharqiyah. Kiswahili chake hakijaingia kutu. Siku ya kwanza alisikia lafudhi yangu tu akasema, "We mwanangu ni wa Tanga." Nikakaa chini hata kabla sijafungua mkoba.

Ukutani kwake, mbali na dirisha, pametundikwa picha ndogo nyeusi na nyeupe. Haina mtu ndani. Ni dele la kahawa, sahani ya tende na finjani tatu. Mbili zimesimama, ya tatu imelala ubavu. Mchoraji ni mjukuu wake, kijana anayefanya kazi za sanaa Muscat. Chini ya picha, kwa penseli, upande wa kushoto pameandikwa 7/30, na kulia sahihi yake.

Kisukari kimeshamla bibi macho. Picha haioni vizuri tena. Kila nikimaliza kufunga bandeji huniuliza, "Ile finjani ya pembeni bado imelala?" Nami humjibu, "Bado imelala, Bibi." Hucheka, husema aliyeiangusha ni yeye, siku ile mjukuu alipokuwa akichora, na kijana akakataa kuisimamisha.

Hapo ndipo tamaa yangu ilipoanza.

Wauguzi wenzangu watanielewa. Sisi tunaona picha za namna hii kila siku juu ya vikabati vya wagonjwa: miwani, tasbihi, nusu chungwa, simu ya zamani. Ukiangalia vitu hivyo unajua mtu ni nani kabla hujasoma faili lake. Mama yangu alifariki Tanga mwezi Mei 2020, viwanja vya ndege vya Oman vikiwa vimefungwa. Sikumzika. Niliporudi nyumbani vitu vyake vilikuwa vimeshagawanywa, na finjani yake yenye pengo mdomoni hakuna aliyejua imekwenda wapi.

Nikamuuliza yule kijana kama zimebaki nakala. Zilibaki nne. Bei ilikuwa riali 40, zaidi ya shilingi laki mbili na nusu za nyumbani. Nikalipa. Yangu ni 19/30.

Tatizo ni kwamba hela ile ilikuwa na kazi yake. Mdogo wangu anasimamia nyumba yetu Tanga, na mwezi ule nilikuwa nimeahidi hela ya mabati. Nilipomwambia ukweli alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Dada, umenunua karatasi kwa hela ya bati?" Sikuwa na jibu. Wiki mbili hatukuongea zaidi ya salamu.

Sasa niwaeleze nilichonunua, kwa sababu wengi wetu huku ughaibuni tunauziwa picha bila kujua. Mimi mwenyewe niliwahi kuibiwa. Nikisoma shahada India, duka moja liliniuzia picha ya maua yenye namba 212/950, wakasema ni kazi ya mkono. Baadaye niliitazama kwa kioo cha kukuzia nikaona vidoto vya mashine. Ilikuwa fotokopi nzuri, basi.

Picha ya bibi imechapwa kwa bati la shaba. Msanii hulipaka bati nta, akaichora kwa sindano mpaka shaba ionekane, kisha akalitia kwenye tindikali. Tindikali hula pale tu palipochorwa. Anaondoa nta, anapaka wino, anafuta wa juu ili ubaki ule wa kwenye mifereji, anaweka karatasi iliyoloweshwa, na kulipitisha kwenye mashine ya kubana. Kila nakala hupakwa wino upya kwa mkono, kwa hiyo hakuna mbili zinazofanana kabisa. Zikitimia 30, bati huchorwa mikwaruzo ili lisitoe nyingine. Herufi A.P. maana yake ni nakala chache ambazo msanii hujiwekea.

Ukitaka kununua, tazama mambo matatu: sahihi na namba viwe vya penseli, pembezoni mwa picha pawe na alama ya kubonyea iliyoachwa na bati, na ukikuza kwa kioo uone mistari ya wino, si vidoto. Namba ya kwanza ni ya nakala yako, ya pili ni jumla yake.

Na picha hutoka kinyume cha bati: kushoto huwa kulia. Rembrandt, yule Mholanzi, mwaka 1650 alichapa picha ya gamba la konokono wa baharini, wa jamii inayoishi Bahari ya Hindi na Pasifiki. Alilichora batini kama alivyoliona, kwa hiyo kwenye karatasi mzunguko wake umegeuka. Lakini jina lake alikumbuka kuliandika kinyume, nalo likatoka sawa!

Kwetu pia kazi hii ipo. Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, iliyoanzishwa miaka ya 1970 na Sista Jean Pruitt, ilikuza wasanii waliochapa picha kwa bati, akiwamo George Lilanga. Na kuhusu vyombo vya mezani kubeba habari nzito, tunaye mzaliwa wa Unguja, Lubaina Himid. Alizaliwa 1954 akapelekwa Uingereza angali mchanga. Mwaka 2007 alichora juu ya vyombo 100 vya zamani, sahani na majagi, kuukumbusha mji wa Lancaster utajiri wake ulivyochanganyika na biashara ya utumwa. Mwaka 2017 alishinda tuzo ya Turner.

Mkiwa nayo nyumbani, itunzeni. Jua la Oman halina huruma, kwa hiyo itundikeni mbali na dirisha na mbali na kiyoyozi kinachodondosha maji. Kioo kisiguse karatasi. Nyuma msiweke kadibodi ya boksi, itaiachia madoa ya njano. Mkisafiri nayo, iwekeni kati ya mbao nyembamba mbili na mwingie nayo ndani ya ndege.

Mabati? Nilifanya zamu za ziada nikayatuma mwezi uliofuata. Nikampigia mdogo wangu kwa video nikaielekeza simu ukutani. Alitazama muda mrefu. Akasema, "Hiyo iliyolala ni kama ya Mama." Nikamwambia haina pengo. Akajibu, "Pengo liko upande wa chini, huwezi kuliona." Kisha akaniuliza misumari natuma lini.

Mguu wa bibi unapona polepole. Alhamisi iliyopita aliniuliza tena kuhusu finjani yake, nami nikamjibu kama kawaida. Kwangu nayo bado imelala.

Nanyi wenzangu huko mliko, ukutani mmetundika nini?